Bomba la moshi si mfereji

*"Fundi, salamu kutoka Kabale. Mimi ni mzaliwa wa Bombo, nimeolewa huku milimani na baridi bado haijanizoea. Tunaishi na mama mkwe, umri wake umepita miaka 75. Usiku huwa tunamwekea sigiri ya mkaa chumbani, na beseni la maji pembeni ili linyonye gesi. Mwezi uliopita mume wangu alinunua jiko la chuma la kuni kwa mzungu aliyekuwa anahama. Lina mlango wa kioo, na juu lina tundu la moshi la inchi 6. Fundi wa kuchomelea anasema atatumia bomba la bati la inchi 4 kwa sababu ndilo analo, atatoboa dari ya mbao na paa, na atalitokeza futi 1 tu juu ya mabati ili upepo usiling'oe. Tukitaka kuokoa hela, atalitoa dirishani. Nyumba ni ya matofali ya kuchoma. Je, ni salama? Usiku tunaweza kulifunga bomba ili joto lisitoroke? Na jirani anasema tukizidiwa na gesi tunywe maziwa. Ni kweli?"*

Dada, kabla hatujafika kwenye jiko jipya tuanze na sigiri. Leo usiku usiirudishe chumbani kwa mama mkwe. Najua pengine mmelala nayo misimu kadhaa na kila asubuhi mmeamka salama. Wengi huamka salama, hadi siku mkaa unapokuwa mwingi kidogo au mtu anapoziba upenyo wa dirisha kwa nguo kwa sababu ya upepo.

Mkaa unaowaka kwenye chumba kilichofungwa hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Ule moshi unaowasha macho, mkaa uliuacha kwenye tanuri huko porini ulikochomwa. Ndiyo maana mkaa huonekana mpole kuliko kuni, na ndiyo maana huua watu waliolala. Beseni halisaidii kitu, kwa sababu gesi hii karibu haiyeyuki kwenye maji. Asubuhi utakuta vumbi la majivu limeelea juu, ukadhani maji yamefanya kazi.

Maziwa nayo huenda tumboni. Gesi imeingia kwa pumzi na imeikamata damu, tena huikamata kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni inavyoikamata. Mtu akitolewa kwenye hewa safi, mwili wake huchukua saa 4 au 5 kuondoa nusu tu ya gesi hiyo. Akipewa oksijeni hospitalini, muda huo hushuka hadi saa 1 au saa moja na nusu. Kwa hiyo dawa ni mlango wazi, nje, kisha hospitali. Kwetu kichwa kikiuma na kichefuchefu kikija, tunasema malaria mara moja. Lakini mkiamka watu wawili au watatu wa nyumba moja na kichwa kilekile, na mkitoka nje mkapata nafuu, msinunue dawa ya malaria kwanza. Nendeni mkaseme kwamba mlilala na moto.

Usiku huu mama mkwe apewe chupa la maji ya moto lililofungwa kwenye kitambaa, soksi, na blanketi la pili. Halafu tuzungumze habari ya jiko.

Wazo la mume wako ni zuri. Jiko la chuma lenye mlango na bomba ni salama mara nyingi kuliko sigiri, maana linatoa hewa chafu nje. Kasoro iko kwenye mpango wa fundi, na wala simlaumu, kwa sababu ametumia akili ya maji. Maji ukiyapa tundu, hata dogo, yatapita. Moshi hautoki kwa sababu umeonyeshwa tundu. Moshi huvutwa, na kinachouvuta ni bomba lenyewe likiwa na joto.

Fikiria bomba limejaa hewa ya moto. Hewa ya moto ni nyepesi kuliko hewa ya nje ya ujazo uleule, kwa hiyo inapanda, na nyuma yake inavuta nyingine kupitia jikoni. Nguvu hiyo ya kuvuta hutokana na mambo mawili: urefu wa bomba kwenda juu, na tofauti ya joto kati ya ndani ya bomba na nje. Bomba fupi huvuta kidogo. Bomba lililopoa huvuta kidogo, na lisipovuta, moshi hurudi sebuleni pamoja na ile gesi tuliyoitaja. Karibu kila kosa la bomba ninaloitwa kulirekebisha ni moja kati ya hayo mawili, ama ni la tatu, kwamba liko karibu mno na mbao.

Kabale ina ugumu wake. Mko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na huko shinikizo la hewa ni pungufu kwa takriban moja ya tano ukilinganisha na pwani. Ni jambo lilelile linalofanya maharage yenu yachelewe kuiva. Kwa bomba maana yake ni kwamba urefu unaotosha Mombasa, kwenu unavuta kwa uvivu. Kutoka juu ya jiko hadi kwenye kofia ya bomba kule juu ya paa, watengenezaji wengi huomba mita 4.5 hivi. Huko milimani mimi huongeza nusu mita hadi mita nzima.

Sasa tuje kwenye inchi 4. Fundi anaona 4 na 6 anadhani amepunguza theluthi. Lakini moshi hupita kwenye uwazi wa duara, na uwazi wa inchi 4 haufiki hata nusu ya uwazi wa inchi 6. Ni kama kufunga mlango mmoja na nusu ya milango mitatu ya kanisa watu wakiwa wanatoka. Tundu la jiko likiwa inchi 6, bomba liwe inchi 6 kutoka jikoni hadi angani, lisipungue popote njiani. Kama hana, asubiri mpaka apate. Katwe kule Kampala watu hukunja chuma cha kipimo chochote unachotaka.

Chuma chenyewe kiwe gani? Mita ya kwanza au mbili kutoka jikoni isiwe bati lenye zinki. Zinki huyeyuka kwenye nyuzi 419 za Selsiasi, na bomba lililo karibu na moto mkali laweza kuzifikia, na mvuke wake ukivutwa huleta homa ambayo wachomeleaji wanaijua vizuri (nao pia utawasikia wakisifia maziwa). Agizeni chuma cheusi cha milimita 2 hivi, au chuma kisichoshika kutu kama mfuko unaruhusu. Bomba la plastiki la maji taka, nimeliona mahali fulani likitumika kama bomba la moshi, kwa hiyo nalitaja: halifai hata kwa siku moja.

Vipande vya bomba huunganishwa kwa kuingizana, kimoja kikiwa na mdomo uliobanwa kwa mikunjo midogo. Mafundi wengi huelekeza mdomo huo juu ili maungio yaonekane nadhifu. Uelekee chini, kwenye jiko. Ndani ya bomba hutengenezwa umajimaji mweusi kama lami, unateremka ukutani. Mdomo ukielekea chini umajimaji unabaki ndani na kurudi motoni kuungua. Ukielekea juu, utachuruzika nje kwenye kila ungio, na harufu yake hutaiondoa kwenye mapazia. Kila ungio lipate skrubu tatu. Usitegemee kubana peke yake.

Urefu juu ya paa: futi 1 haitoshi. Upepo ukipiga paa la mteremko hujikunja na kushuka, na mdomo wa bomba ukiwa ndani ya mkunjo huo moshi unasukumwa kurudi chini. Kipimo kinachotumika sana ni hiki: bomba lipande angalau sentimita 90 kutoka pale linapotokea kwenye paa, na liwe juu kwa angalau sentimita 60 kuliko kitu chochote kilichopo ndani ya mita 3 kutoka kwake, ikiwemo mgongo wa paa, tangi la maji au mti. Hofu ya fundi ya upepo ni halali, lakini hutatuliwa kwa nyaya tatu za chuma zilizofungwa kwenye paa, si kwa kulifupisha. La dirishani lisahauni kabisa. Halina urefu, kwa hiyo halivuti, na moshi wake utaingia kwa dirisha la pili.

Sehemu inayonitia hofu zaidi ni dari ya mbao, na hapa nitakuomba uvumilivu.

Watu hudhani mbao hushika moto tu zikiguswa na mwali. Kuna njia nyingine, ya polepole. Ubao ulio karibu na bomba hupashwa moto kila jioni, unakauka, halafu unaanza kubadilika wenyewe kuwa mkaa, kidogo kidogo, kwa miezi au miaka. Na kadiri unavyobadilika ndivyo unavyohitaji joto dogo zaidi ili kuwaka. Ndiyo maana nyumba hukaa misimu mitatu na bomba baya, kila mtu akisema "mbona haijaungua", kisha siku moja ya baridi moto unaanzia darini.

Niliwahi kuitwa kwenye nyumba ya wageni upande wa Ziwa Bunyonyi kwa sababu ya harufu tu, "kama ya mkate ulioungua", mwenyewe alisema. Bomba la chuma kimoja, yaani lenye ukuta mmoja tu, lilipita darini likiwa na nafasi ya vidole viwili. Nilipanda na tochi. Boriti iliyokuwa upande wa bomba ilikuwa nyeusi, imepasuka vipande vidogo vya mraba kama mgongo wa mamba. Nilibonyeza kwa ukucha, ukucha ukaingia. Hapakuwa na mwali wowote uliowahi kufika pale. Na nikiri jambo moja: miaka kadhaa kabla yake, mimi mwenyewe nilikuwa nafunga mabomba kwa nafasi ya kiganja na kujiona mwangalifu.

Bomba la chuma kimoja linataka sentimita 45 kila upande hadi kwenye kitu kinachoweza kuungua: mbao, mkeka wa matete, pazia, kochi. Kwa bomba la sentimita 15, hilo ni tundu la zaidi ya mita 1 kwenye dari yenu. Na hata ukilitoboa, bomba la aina hiyo halitakiwi kupita kwenye dari na kufichwa humo, maana juu ya dari huna macho ya kuona likitoboka. Kinachoruhusiwa kupita humo ni bomba la kiwandani lenye kuta mbili na pamba ya mawe (nyuzi za mawe zisizoungua) katikati, na hilo lina nafasi yake iliyoandikwa na mtengenezaji, mara nyingi sentimita 5 hivi. Bei yake yaweza kuzidi ya jiko. Fundi akikwambia atakutengenezea la kuta mbili kwa kuingiza bomba moja ndani ya jingine, mshukuru, lakini lihesabu kama la chuma kimoja, kwa sababu hakuna aliyelipima.

Kwa nyumba yako mimi ningefanya hivi. Ukuta ni wa matofali, hauungui. Basi usipite darini, pita ukutani. Bomba lipande kutoka jikoni angalau mita 1 wima, likate kiwiko, lipite kwenye ukuta likiwa na mwinuko kidogo (sentimita 2 kwa kila mita, lisilale kabisa wala kuinama), kisha nje lipande wima hadi juu ya mgongo wa paa. Viwiko visizidi viwili. Chini ya kiwiko cha nje wekeni kipande cha T chenye kifuniko, ndipo masizi yataangukia na ndipo utakapofagilia.

Njia hii ina ubaya wake. Bomba la nje hupoa, nasi tumesema bomba lililopoa halivuti. Kwa hiyo sehemu yote ya nje ivikwe pamba ya mawe na juu yake bati, kama birika lililovikwa sweta. Kuvika huku ni kwa ajili ya kulihifadhi joto. Hakukupi ruhusa ya kusogeza mbao.

Kisha kuna ukingo wa paa, unaotokeza nje ya ukuta na una mbao zake. Bomba lipite katikati ya kenchi mbili, zile mbao kubwa zinazobeba paa. Zikiwa zimeachana mita 1.2, bomba likikaa katikati kabisa unapata kama sentimita 50 kila upande, na hapo mambo yako sawa. Ubao wa ukingo na fito za kupigilia bati zinazokatiza hapo zikatwe, na mahali pa fito pawekwe chuma cha pembe. Bati lenyewe haliungui. Kuhusu kuvuja: ile sahani ya bati inayozunguka bomba, ukingo wake wa juu uingie chini ya bati la juu, ukingo wa chini ulalie bati la chini. Ukikosea hapo hata gundi ya bei ghali haitakuokoa na mvua za huko kwenu Kigezi.

Wengine wangekushauri bomba la matofali, na mwashi mzuri angelijenga vizuri, likiwa na msingi wake mwenyewe. Linahifadhi joto kuliko chuma. Ila sisi wa magharibi mwa Uganda tunakaa kwenye bonde la ufa. Wazee wa Toro wanakumbuka tetemeko la Machi 1966, na mnara wa matofali usio na nondo ndio wa kwanza kuanguka. Kama mtalijenga, tafuteni mhandisi.

Pengine utasema: mbona jiko la Lorena jikoni kwa jirani lina tundu tu ukutani chini ya ukingo wa paa, na linafanya kazi? Lile la udongo wa kichuguu, ambalo matundu yake hufinyangwa kwa kuzungushia vipande vya mgomba. Ni kweli, linapunguza moshi kwa mpishi. Lakini liko kwenye banda la kupikia la nje lenye mianya kila mahali, na hakuna anayelala humo. Lako liko sebuleni, milango imefungwa, mama mkwe amelala chumba cha pili.

Na hapo ndipo penye swali lako la usiku. Usilifunge bomba moto ukiwa haujafa. Makaa mekundu yaliyobaki ndiyo yanayotoa kaboni monoksaidi kwa wingi, yaani ukifunga bomba utakuwa umenunua sigiri kubwa ya bei ghali. Jiko lako bila shaka lina kitundu cha hewa mlangoni. Jioni kipunguze, usikizibe, na bomba libaki wazi. Wala usilijaze kuni mbichi ili zidumu hadi asubuhi. Moto unaofuka hupeleka moshi wa baridi bombani, ukishuka chini ya nyuzi 120 hivi unaganda ukutani na kuwa ile lami. Lami ikikauka ni kuni nyingine, na ikiwaka, moto ndani ya bomba waweza kupita nyuzi 1,000. Unaujua kwa sauti: bomba linanguruma kama lori linapanda mlima. Ikitokea, funga mlango wa jiko na kitundu cha hewa, toa watu wote nje, piga 999 au 112. Usimwage maji ndani ya jiko.

Kinga yake ni kuni kavu. Mkalitusi uliokatwa leo karibu nusu ya uzito wake ni maji. Pasua, panga chini ya kibanda kisicho na kuta, uache nusu mwaka au zaidi, maana kwenu mvua na ukungu haviishi. Gonga vipande viwili: kikavu hulia "ko", kibichi hulia kama umegonga unga. Bomba ulifagie kwa brashi ya waya kila baada ya miezi miwili au mitatu ya kutumia, na lami ikifika unene wa milimita 3 usiwashe tena kabla ya kusafisha.

Kipo pia kifaa kidogo cha kengele ya kaboni monoksaidi, kinatumia betri. Mkikipata Kampala, kiwekeni chumbani kwa mama mkwe. Mlango wa chumba chake ubaki wazi jioni ili joto la sebuleni limfikie.

Kuna hali ambazo maandishi yangu hayatoshi. Kama chini ya mabati hayo kuna paa la zamani la asbesto, kama nyumba nyingi za zama za mkoloni, msitoboe chochote, maana vumbi lake huumiza mapafu. Muulizeni mhandisi wa manispaa, ambaye hata hivyo anapaswa kuujua mradi huu. Kama ukuta una ufa unaopita mahali pa bomba, aje mwashi auangalie. Na siku ya moto wa kwanza fundi awepo. Muwashe gazeti moja tu, mfunge mlango, mzime kijiti cha kiberiti karibu na kila ungio na kutazama ule moshi wake: ukivutwa ndani ya ungio, bomba linavuta, ukisukumwa kuelekea kwenu, zimeni na mtafute sababu kabla ya kuongeza kuni.

Kwa sasa mwambie fundi aweke toboleo chini. Mume wako achukue futi, apande ngazi, apime kenchi za upande ule zimeachana kiasi gani na ukingo wa paa unatokeza sentimita ngapi. Niandikie namba hizo mbili, pamoja na urefu kutoka sakafuni hadi mgongo wa paa, nami nitakwambia ununue mita ngapi za bomba.